Ngome za Udongo na Njia za Msituni

Msomaji wa vitabu vya nchi za mbali hukutana mara nyingi na habari za mashambani mwa Ufaransa: majumba ya mawe yaliyosimama juu ya vilima, vijiji vilivyojikusanya chini ya kuta za ngome, na njia nyembamba zipitazo katikati ya misitu mikubwa. Husoma jinsi wasafiri wanavyofunga mizigo yao mgongoni, wakatembea kwa miguu toka kijiji hata kijiji, wakipanda minara na kuulizia habari za mabwana waliokufa zamani. Kisha mwanafunzi wa Iguhu hufunga kitabu chake na kutazama nje ya dirisha. Huona mahindi, migomba, ng'ombe aliyefungwa kamba, na paa za mabati zinazometameta juani. Hudhani ya kuwa historia ni mali ya watu wa ng'ambo, na ya kuwa kwao hapana jambo la kutazamwa.

Dhana hiyo ni kosa. Wahenga walisema kwamba penye miti hapana wajenzi. Nami naongeza ya kuwa penye historia nyingi aghalabu hapana waandishi. Katika insha hii nataka tutembee pamoja, mimi nawe msomaji, kutoka Iguhu mpaka kwenye kilima cha Chetambe. Safari yetu ina vituo vinne: kijiji, msitu, machimbo na ngome. Njiani tutaitupia Ufaransa jicho mara kwa mara, si kwa kuionea kijicho, bali kwa kulinganisha, maana mtu hujua kimo chake asimamapo karibu na mwenzake.

Iguhu iko kusini mwa mji wa Kakamega, katika nchi ya Waidakho, ambao ni mojawapo ya matawi ya Waluhya. Jirani zao wa karibu ni Waisukha, na lugha za makabila haya mawili zinafanana kama watoto wa mama mmoja. Nchi yenyewe ni ya miinuko na mabonde, na kimo chake ni kadiri ya mita 1,430 hata 1,580 juu ya usawa wa bahari. Mto Yala hushuka kutoka nchi ya Nandi, ukapita msituni, ukaikata Iguhu toka mashariki kwenda magharibi, halafu ukaendelea na safari yake mpaka Ziwa Victoria. Vijito vidogo visivyo na hesabu huungana nao kila upande.

Kijiji cha Mwidakho hakifanani na kijiji cha Mfaransa. Huko Ufaransa, katika zama za mabwana wa ngome, watu maskini walijenga nyumba zao pamoja, ukuta kwa ukuta, karibu na kanisa au chini ya ngome ya bwana wao, wakaenda mashambani asubuhi na kurudi jioni. Walifanya hivyo kwa sababu ardhi ilikuwa ya bwana na ulinzi ulikuwa wa bwana. Hapa kwetu kila mji ulisimama peke yake katika shamba lake. Aghalabu nyumba ilikuwa juu ya mwinuko penye upepo na ardhi kavu. Chini yake yalifuata mashamba ya wimbi na mtama. Na mwisho wa mteremko palikuwa na kijito cha maji. Kwa hiyo kila mwenye mji alipata sehemu yake ya mlima na sehemu yake ya bonde. Ukoo mmoja ulikaa mwinuko mmoja, na watu walifahamiana kwa mababu zao kama Wafaransa walivyofahamiana kwa mabwana zao. Wazee walizikwa katika ardhi ya miji yao. Jambo hilo, msomaji, lishike vizuri akilini, kwa kuwa tutalihitaji tutakapofika machimboni. Kwa mtu wa Idakho shamba halikuwa chombo cha kutafutia chakula tu. Lilikuwa kaburi la baba yake na cheti cha ukoo wake.

Ukiwa kijijini, huenda ukasikia mlio wa ngoma ya isukuti. Ngoma hizi hupigwa tatu pamoja, kubwa, ya kati na ndogo, zikifuatwa na baragumu, njuga na nyimbo. Hupigwa mtoto azaliwapo, arusi ifungwapo, vijana watiwapo jandoni na mzee azikwapo. Katika mwaka wa 2014 shirika la UNESCO liliiandika ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Maneno hayo, "kwa haraka", si ya kufurahisha. Huandikiwa kitu kinachosifiwa na watu wengi na kufuatwa na wachache. Majengo ya mawe yakiachwa husimama miaka mia. Ngoma ikiachwa na kizazi kimoja tu hufa pamoja na mpigaji wa mwisho.

Sasa tushike njia ya mashariki, tuuendee msitu. Msitu wa Kakamega ni kipande cha mwisho, upande wa mashariki, cha msitu mkubwa wa mvua ambao zamani ulitanda toka Kongo na kupita Uganda hata ukafika hapa. Hali ya nchi ilipobadilika katika karne nyingi zilizopita, na watu walipoongezeka na kufyeka mashamba, msitu ulikatika vipande vipande. Kipande cha Kakamega kikabaki peke yake kama kisiwa. Eneo lake lililowekwa chini ya hifadhi ni kadiri ya kilomita za mraba 240, lakini si sehemu yote iliyo na miti mizito hivi sasa. Mvua ya mwaka hukaribia milimita 2,000, na ndiyo sababu majani yake hayakauki.

Njia za msituni ni nyembamba, na mara uingiapo mwanga hupungua kama kwamba mtu amefunga dirisha. Juu hupita mbega weusi wenye mikia myeupe, na kima wakirukaruka matawini. Hondohondo huruka kwa kishindo cha mabawa, na vipepeo hukusanyika kwenye matope ya njia. Chini kuna uyoga, kuna kunde za mwitu, na kuna mmea uitwao mukombero, ambao mizizi yake hutafunwa na kuuzwa sokoni. Mwenye kutembea huku na huku bila kuangalia miguu yake si mwenye hekima, kwa maana kifutu naye ana makao yake humu.

Njia hizi hazikufanywa na wageni. Zilikanyagwa na wachuma dawa, warina asali, wakata kuni na wachunga ng'ombe, kizazi baada ya kizazi. Hapa natupa jicho la kwanza Ufaransa. Karibu na Paris kuna msitu wa Fontainebleau, uliokuwa zamani msitu wa kuwinda wa wafalme. Katika mwaka wa 1842 mtu mmoja aitwaye Claude François Denecourt, aliyekuwa askari katika majeshi ya Napoleon, alifungua humo njia za kutembelea kwa miguu na kuzitia alama za rangi ya buluu, hata mtu wa mjini asiyejua msitu aweze kuzifuata asipotee. Aliandika vitabu vya kuwaongoza watembezi, akatumia mali yake mwenyewe. Baadaye wachoraji waliopenda miti mikongwe ya msitu huo wakalalamika inapokatwa, na katika mwaka wa 1861 serikali ikatenga hekta zipatazo 1,000 zisiguswe. Haikuwa mali ya mbao iliyouokoa msitu huo, bali uzuri wake, na watu waliokubali kusumbuka kwa ajili ya uzuri.

Msitu wa Kakamega nao ulitangazwa kuwa hifadhi ya serikali katika mwaka wa 1933. Sehemu za Isecheno na Yala zikatengwa katika mwaka wa 1967 ziwe hifadhi za viumbe vya asili, na katika mwaka wa 1985 upande wa kaskazini, penye Buyangu, ukawa Hifadhi ya Taifa. Katika miaka ya 1980 hiyo hiyo mashamba ya chai ya Nyayo yalipandwa kandokando ili yawe ukanda wa kuutenga msitu na mashamba ya watu. Lakini hapana budi tuseme haki yote. Tangazo la serikali linapoukinga mti, huwafungia pia njia watu waliokuwa wakiitumia. Mama aliyekuwa akiokota kuni bila ruhusa ya mtu sasa hana budi kuomba kibali na kulipa. Ulinzi wa msitu utadumu tu ikiwa jirani yake anapata faida ya kuulinda iliyo kubwa kuliko faida ya kuukata.

Faida moja kubwa ya msitu haionekani kwa macho, nayo iligunduliwa huku huku Iguhu. Nchi hii ya juu zamani haikuwa na homa nyingi za malaria kama pwani ya ziwa. Kisha mabonde yakafyekwa, mafunjo yakang'olewa, na mashamba yakashuka mpaka ukingoni mwa vijito. Wataalamu waliochunguza bonde la Yala hapa Iguhu walionyesha ya kuwa mabuu ya mbu wa malaria hukua upesi zaidi na kuokoka kwa wingi zaidi katika madimbwi yaliyo wazi juani kuliko katika maji yaliyofunikwa na kivuli cha miti. Jua huyapasha maji moto, na maji yenye moto ni mlezi mwema wa mbu. Basi mtu aliyekata mti wa mwisho ukingoni mwa kijito alidhani anaongeza magunia ya mahindi. Kumbe alikuwa anafungua mlango wa homa. Historia ya nchi yaweza kusomwa hata katika damu ya mtoto mgonjwa.

Tupande kilima cha Lirhanda, kilichoinuka ndani ya msitu upande wa Shinyalu. Toka kileleni mtu huona bahari ya majani, na mbali zaidi mashamba yaliyogawanywa vipande vidogo vidogo. Lakini ubavuni mwa kilima kuna shimo lililochongwa katika mwamba, refu na lenye giza, ambalo sasa ni makao ya popo. Shimo hilo halikuchimbwa na mababu wa Waisukha wala wa Waidakho. Lilichimbwa na watafuta dhahabu. Hapo ndipo tunapofika kituo cha tatu, nacho kina uchungu kuliko vyote.

Katika mwaka wa 1929 biashara ya dunia ilianguka. Bei ya mahindi na kahawa ikashuka, na walowezi wa Kizungu wa Kenya, waliokuwa wamekopa fedha nyingi, wakaona njaa mlangoni. Ndipo katika mwaka wa 1931 mlowezi mmoja, Mmarekani aitwaye L. A. Johnson, alipopata dhahabu karibu na Kakamega. Habari zilipotoka, watu waliacha majembe yao wakaja na makarai ya kuchekechea mchanga. Waliweka mahema ukingoni mwa mito, wakachimba mahandaki katika mashamba, wakasimamisha vigingi vya mipaka mahali ambapo hawakuzaliwa wala hawakununua. Yule mwenye mji aliamka asubuhi akakuta kigingi kimesimama kati ya nyumba yake na ghala lake.

Sasa kumbuka, msomaji, nilivyokuomba uyashike maneno ya shamba na kaburi. Mwaka mmoja tu kabla ya dhahabu kuonekana, katika mwaka wa 1930, serikali ya kikoloni ilikuwa imetunga sheria ya amana ya ardhi za wenyeji. Sheria hiyo iliahidi ya kuwa nchi zilizotengwa kwa ajili ya Waafrika zitakuwa zao milele. Na ya kuwa kipande chochote kikichukuliwa kwa haja ya umma, basi ardhi nyingine yenye thamani sawa itatolewa badala yake, na baraza la wenyeji litaulizwa kwanza. Wakubwa waliisifu sheria hiyo kwa maneno mazito. Waswahili husema, ahadi ni deni. Lakini katika mwezi wa Desemba 1932, dhahabu ilipokuwa imeng'aa, sheria ilirekebishwa haraka: ardhi ya machimbo iweze kuondolewa katika nchi ya wenyeji bila kutoa ardhi nyingine badala yake, na wenyeji walipwe fedha. Neno "milele" lilikuwa limeishi miaka miwili.

Jambo hilo halikupita kimya. Huko London wabunge walihojiana, na magazeti yakaandika kwa hasira, kwa kuwa watu wengi wa Uingereza wenyewe waliona aibu kwa ahadi iliyovunjwa. Lakini kelele za London hazikurudisha sheria ya kwanza. Huku nyumbani, hofu ya kupoteza ardhi iliwafunza watu umoja. Katika miaka hiyo ya 1930 vijana waliosoma katika shule za misheni walianzisha chama cha North Kavirondo Central Association, wakaandika barua na malalamiko juu ya ardhi. Makabila yaliyokuwa yakijiita Wamaragoli, Waisukha, Waidakho, Wabukusu, Wawanga na mengineyo yakazidi kutumia jina moja la Abaluyia. Hivyo dhahabu iliyokuja kuwatenga watu na ardhi yao ilisaidia, bila ya kukusudia, kuwaunganisha wao kwa wao.

Na dhahabu yenyewe ilifika wapi? Wachimbaji wadogo walichoka upesi. Mchanga wa mitoni ulipokwisha kuchekechwa, ilibaki dhahabu iliyo ndani ya mwamba, ambayo haitoki ila kwa mitambo na fedha nyingi. Makampuni yakachukua mahali pa watu binafsi, na machimbo makubwa zaidi yalikuwa ya Rosterman, karibu na mji wa Kakamega, yaliyofanya kazi toka miaka ya 1930 hata yakafungwa katika mwaka wa 1952. Walowezi waliokuja na mahema walikwenda zao. Mashimo yalibaki. Vijana wa Idakho na Isukha wamekuwa wakiingia humo na kuchimba wengine wapya kwa sururu na kamba, na wanawake huponda mawe kwa nyundo na kuosha unga wake kwa zebaki, ambayo ni sumu. Mara nyingine udongo huanguka, na kijiji hulia.

Katika miaka ya karibuni makampuni yamerudi Ikolomani na mashine za kupima dhahabu iliyo chini sana, na swali la 1932 limerudi pamoja nayo: mwenye shamba akiondolewa, atapewa nini, na ni nani atakayemuuliza? Tofauti ya siku hizi ni hii, kwamba sheria hutungwa Nairobi na Wakenya wenyewe. Sheria ya Madini ya mwaka wa 2016 iliagiza ya kuwa katika kila 100 za ushuru wa madini, 70 ziende kwa serikali ya taifa, 20 kwa serikali ya kaunti na 10 kwa watu wa mahali penye machimbo. Ni hesabu nzuri katika karatasi. Lakini sheria ya 1930 nayo ilikuwa nzuri katika karatasi. Mwanafunzi aijuaye historia hiyo hatakwenda barazani kulia wala kupiga kelele. Atakwenda na swali lililonyooka: ni nani anayeilinda ahadi hii isivunjwe?

Tuache machimbo, tushike njia ya kaskazini. Kando ya barabara ya Kisumu kwenda Kakamega, mahali paitwapo Ilesi, lasimama jiwe kubwa lenye kimo cha kadiri ya mita 40, ambalo maji hulitiririka toka kichwani kama machozi. Wenyeji huliita Ikhongo Murwi, na watu wengi hulijua kwa jina la jiwe linalolia. Wasimuliaji wana hadithi zao za sababu ya kilio hicho. Na baada ya kuyaona mashimo ya dhahabu, hatuna haja ya kuzikataa. Tulisalimu, tupite mji wa Kakamega, tufike Mumias.

Mumias ulikuwa mji mkuu wa Wanga, na ulipata jina lake kwa Nabongo Mumia, aliyetawala tangu mwaka wa 1882 na kufariki mwaka wa 1949. Kabla yake baba yake Shiundu aliwakaribisha wafanya biashara wa pwani, hata mahali hapo pakaitwa Kwa Sundu katika vinywa vya misafara. Waswahili walikuja na nguo, shanga na bunduki wakitafuta pembe za ndovu. Uislamu na lugha ya Kiswahili vikaingia kwa njia hiyo hiyo, na misikiti ya Mumias ni ushahidi wake mpaka leo. Mwingereza Joseph Thomson alifika huko katika mwaka wa 1883, na Askofu James Hannington alipita katika mwaka wa 1885 kabla ya kuuawa Busoga. Mabarabara yote ya misafara yalikutana Mumias. Kisha reli ikafika Kisumu katika mwaka wa 1901, na misafara ikafa. Katika mwaka wa 1920 makao ya wilaya yakahamishiwa Kakamega. Mji uliokuwa mlango wa kwenda Uganda ukabaki nyuma ya mlango.

Mwisho tunafika kwenye ngome. Katika karne ya 19 watu wa kaskazini ya nchi hii, Wabukusu, Watachoni na wengineo, waliishi kwa hofu ya mashambulio ya majirani waliokuja kuteka ng'ombe. Kwa hiyo hawakukaa mmoja mmoja juu ya miinuko kama Waidakho, bali walijenga vijiji vyenye kuta. Walichimba handaki kuzunguka mahali pa kukaa, na udongo uliotoka humo wakaupandisha kwa ndani ukawa ukuta. Kazi moja ilizaa vizuizi viwili, shimo na boma. Milango ilikuwa michache na myembamba, na ilizibwa usiku kwa magogo. Mtu aliyetaka kuingia alikuwa hana budi ainame, na mtu aliyeinama hawezi kurusha mkuki. Ndani walikaa watu na mifugo yao pamoja. Wasafiri wa Kizungu wa kwanza walizistaajabia kuta hizo katika vitabu vyao.

Zilikuwa ngome kwa maana kamili ya neno, ijapokuwa hazikuwa na jiwe hata moja. Mfaransa alijenga kwa mawe kwa kuwa alikuwa na mawe, waashi na bwana wa kuwalazimisha. Mbukusu alijenga kwa udongo kwa kuwa alikuwa na udongo, majembe na ndugu wa kusaidiana naye. Na ngome zote mbili ziliuawa na adui mmoja: silaha ya moto. Huko Ufaransa, katika karne ya 15, mizinga ilianza kubomoa kuta ambazo mishale haikuziweza, na mabwana wakaacha kujenga ngome za vita wakajenga majumba ya anasa. Huku kwetu jambo hilo lilikuja katika mwaka wa 1895, na lilikwisha kwa siku chache.

Sababu ya vita hivyo ilikuwa bunduki. Watu waliotoroka katika misafara waliziuza bunduki zao kwa Wabukusu, na ofisa wa Kiingereza wa Mumias, C. W. Hobley, akataka zirudishwe. Kikosi cha askari Wanubi kilichotumwa kuzitwaa kiliuawa. Ndipo Hobley alipokwenda na jeshi la Wanubi, pamoja na Waganda na Wawanga waliokuwa marafiki wa Waingereza, na mzinga wa kufyatua risasi mfululizo. Ngome ya Lumboka ilishambuliwa kwanza, ikaanguka. Waliosalia wakakimbilia Chetambe, juu ya kilima kinachoutazama mji wa sasa wa Webuye. Handaki lililokuwa limezuia mikuki miaka mingi halikuweza kuzuia risasi. Tena kuta zilizowakinga watu ziliwafungia ndani. Watu wengi walikufa, na ng'ombe wengi wakachukuliwa. Tukumbuke pia ya kuwa Waafrika walikuwa pande zote mbili. Historia ya kweli haikubali kugawanya watu kwa rangi tu, mashujaa huku na waovu kule.

Nusu karne baadaye, katika mwaka wa 1947, Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliwaongoza maelfu ya wafuasi wake mpaka Chetambe kuwakumbuka waliouawa huko. Serikali iliona hatari. Mapema mwaka uliofuata Masinde alikamatwa. Hapo tunaona ya kuwa handaki lililojaa majani laweza kuwa na nguvu ya kuwatisha wenye bunduki, maadamu watu wanakumbuka lilichimbwa kwa nini.

Leo mtu apandaye Chetambe huona alama za handaki hilo, limefukiwa na mvua za zaidi ya miaka mia. Ngome nyingine nyingi zimelimwa zikasahauliwa. Mahindi yamepandwa mahali palipokuwa malango. Je, Wafaransa hawakufanya hivyo? Walifanya. Ngome ya Carcassonne, yenye kuta mbili na minara 52, ambayo leo hutembelewa na watu wa dunia nzima, ilikuwa imeachwa, na majirani wakachukua mawe yake kujengea nyumba zao. Katika mwaka wa 1849 serikali ya Ufaransa iliamua ibomolewe. Watu wa mji huo, wakiongozwa na mwenyeji mmoja aliyeipenda historia, Jean-Pierre Cros-Mayrevieille, wakapinga kwa barua na hoja, hata amri ikatanguliwa. Na tangu mwaka wa 1853 fundi Viollet-le-Duc akaanza kuitengeneza upya. Ngome hiyo haikuokolewa na ubora wa mawe yake. Iliokolewa na wenyeji waliokataa isipotee.

Hii ndiyo tofauti iliyopo kati ya mashamba ya Ufaransa na mashamba ya Kakamega. Si kwamba wao walikuwa na historia nasi hatukuwa nayo. Wao waliiandika, wakaipima, wakaichorea ramani na kuitia alama njiani. Sisi tumeiachia vichwa vya wazee, na vichwa vya wazee hufukiwa kila mwaka. Kazi hii haingoji mtaalamu wala fedha za serikali. Mwanafunzi mwenye daftari na kamba ya kupimia aweza kumwuliza babu yake jina la mwinuko wao na sababu ya jina hilo. Aweza kuhesabu hatua za handaki la kale, akaandika lilikuwa la nani. Aweza kuandika ni shamba la nani lililochimbwa katika mwaka wa 1932, na mwenyewe alilipwa nini. Karatasi hizo, zikiwekwa pamoja katika maktaba ya shule, zitakuwa ukuta ambao mvua haiwezi kuufukia.

Basi, msomaji, Jumamosi ijayo usingoje nauli ya Paris. Vaa viatu vyako, mwamkie mzee wa kwanza utakayemkuta njiani kwa adabu, umwulize: hapa, kabla ya nyumba hizi, palikuwa na nini? Kisha kaa chini, usikilize, uandike.